Springi za Mama

3 Februari

Kaka,

Salamu zetu zikufikie huko uliko na vumbi lako la chuma. Sisi tupo, tunazisukuma siku. Nilitaka nianze na habari za kawaida, nimeshindwa, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Mama amepigwa picha ya mgongo. Daktari aliibandika kwenye taa, akatuonyesha mfupa mmoja juu kidogo ya kiuno. Umeliwa na ugonjwa mpaka mwanga unapita. Akasema mfupa huo sasa ni kama chaki. Akipigwa mionzi kila wiki kule hospitali kuu, ugonjwa utasimama na mfupa utapata nafasi ya kujijenga. Lakini akitikiswa vibaya kabla ya hapo, chaki itavunjika, na nyuma ya hiyo chaki ndipo inapopita mishipa ya miguu. Nikamuuliza, "Ukivunjika atalala muda gani?" Akaniambia, "Hatasimama tena, ndugu. Miguu itakuwa imekwenda."

Barabara ya kwenda hospitali kuu unaijua. Gari la wagonjwa liko juu ya mawe tangu mwaka juzi. Tumebaki na gari la marehemu baba. Tulijaribu kumpandisha mara moja, hadi kona ya sokoni tu. Nyuma linaruka kama mbuzi. Mama alinyamaza njia nzima, na wewe unamjua mama akinyamaza.

Makanika wa hapa anasema springi zimechoka, shokomzoba zimekufa, na za gari lile hazitengenezwi tena. Mimi ni mshona nguo, kaka. Chuma sikijui. Wewe ndiye unayelala nacho. Tufanyeje?

Mama anasema niandike hivi hivi: "Mwambie kifungua mimba wangu ale chakula, chai si chakula."

Mdogo wako,
Mshona nguo

*

12 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa nimekalia injini, nikaisoma tena chumbani. Wenzangu wakaniuliza nani kafa. Nikawajibu hajafa mtu. Wakaendelea na karata zao.

Sikiliza. Kazi yangu hapa ni kuvunja magari. Yanaingia mengine mazima, mengine yamekunjika kama karatasi, na sisi tunayavua nguo: milango, vioo, viti, tangi, injini. Mwisho linabaki ganda, tunalikata kwa gesi. Mgongo wangu umekwisha na macho yanawaka, lakini tumbo la gari nalijua. Kwa hiyo usiogope. Dukani hatuendi. Tutatengeneza wenyewe.

Sasa hivi gari la baba, kule nyuma, springi imekaa kwake na shokomzoba imekaa kwake, kama mume na mke waliogombana. Tunachotaka ni shokomzoba iivae springi, kama mkono wa mtu unavyovaa mkono wa shati, ziwe kitu kimoja. Chini ya springi tunaweka nati kubwa inayopanda na kushuka kwenye bomba lenye nyuzi kwa nje, kama boliti nene iliyo wazi katikati. Ukiipandisha nati, gari linanyanyuka. Ukiishusha, linalala. Wenye uwezo wananunua kitu hicho kwenye boksi linalong'aa. Sisi tutakiokota jalalani, nacho kitafanya kazi ile ile.

Nitakutumia shokomzoba mbili zilizo hai, mabomba na nati zake. Mpe mchomeleaji mchoro wangu. Lakini haya mawili ayasikie vizuri.

La kwanza, asiiguse shokomzoba kwa moto. Ndani ina mafuta. Mtu wa hapa alifanya hivyo na sasa ana jicho moja. Pete ya chini, ile ya kulizuia bomba lisishuke, aichomelee kwenye bomba likiwa peke yake, halafu shokomzoba ivishwe bomba, nalo likalie kibati cha chini cha shokomzoba.

La pili, pale juu shokomzoba inapofungwa kwenye bodi, bati lile halikuzaliwa kubeba gari. Lilizaliwa kuishika shokomzoba isicheze, basi. Ukilibebesha uzito wote litachanika kama mfuko wa suruali ya mlevi. Akate bamba nene, alizungushie pale, achomelee kila upande.

Tunafanya nyuma tu, maana mama atalala nyuma. Springi ndiyo moyo wa kazi yote, na hizo bado natafuta. Nataka laini. Nataka apite juu ya shimo asijue kama ni shimo.

Mwambie mama nakula. Jana nilikula hadi mwenye nyumba akalalamika.

Kaka yako,
wa kiwanja cha vyuma

*

27 Februari

Kaka,

Mzigo umefika na lori, boksi limelowa lakini vyuma vizima. Mchomeleaji niliyempata anaitwa Cheche, ni yule mama anayetengeneza mageti karibu na shule. Nilimpa mchoro wako. Akaugeuza, akaugeuza tena.

"Nani kachora hii?"

"Kaka yangu."

"Kasoma?"

"Kiasi."

"Inaonekana. Huu mshale unaelekea wapi, mbinguni?"

Lakini alipokaa nao kidogo akaanza kuitikia kwa kichwa. Akasema huyu hajui kuchora ila anajua anachokichora. Kazi ameishika. Pete amechomelea kwenye mabomba kama ulivyosema. Mabamba ya juu ameyatia mpaka gari limekuwa na mabega. Alinifukuza nisitazame moto, akasema macho ya mshona nguo ni mali.

Mama alitaka kuja kuangalia. Nikamkataza, akaja. Alimletea Cheche maji, akakaa kwenye kiti kivulini wakakucheka wewe. Bado anatembea vizuri, kaka, polepole tu, na mkono mmoja ukutani.

Swali langu. Siku ya safari nyuma patakuwa na mama na godoro lake, na muuguzi mstaafu jirani yetu aliyejitolea kumshika, naye unajua si mwembamba. Mbele mimi na mizigo. Springi unazotafuta zitabeba? Nauliza kwa sababu umesema laini, na mimi kitambaa laini ninachokijua ni kile kinachochanika.

Mama anasema: "Mwambie uwongo wa kula nimeupokea, sasa alete ukweli."

Mdogo wako

*

8 Machi

Mdogo wangu,

Nimezipata. Zimetoka kwenye kigari kidogo cha mtu aliyekuwa anakitunza, hazina kutu, zimenyooka kama zimetoka dukani jana.

Na nimezijaribu, usidhani nakutumia vya kubahatisha. Hapa kiwanjani pana ganda la gari ndugu yake na la baba, mwaka ule ule. Nilizifunga pale, mimi na mwenzangu mmoja tunayemwita Bonge tukapanda nyuma. Bonge peke yake ni watu wawili. Ganda likashuka taratibu, likapanda taratibu, kama kifua cha mtoto aliyelala. Tukaruka ruka kama wehu. Likatubembeleza. Bonge akalala chali akasema, "Nizikeni humu humu." Vijana wote wakaja kupanda zamu zamu mpaka msimamizi akatutukana.

Umeniuliza kama zitabeba. Mshona nguo, mimi nimekuuliza lini kama kifungo kitashika? Zitabeba.

Ukifunga, zungusha nati za kulia na kushoto zilingane. Gari likilala upande mmoja, mama naye atalala upande mmoja. Nenda polepole. Pale baada ya daraja, pana lile shimo la zamani, tembea kama unapita kwenye kikao cha msiba.

Nikifikiria mama anapita barabara ile kama yuko kitandani, uchovu unanitoka. Miaka yote hii nimevunja tu. Hiki ndicho kitu cha kwanza nimekiunga.

Kaka yako

*

2 Aprili

Kaka,

Springi zilifungwa. Cheche amefanya kazi safi. Safari ya kwanza tumekwenda na tumerudi. Gari ni laini kama ulivyosema.

Mama anapumzika.

Sare za shule zimenijaa dukani, ndiyo maana naandika kwa ufupi.

Mdogo wako

*

13 Aprili

Mdogo wangu,

Barua gani hiyo? Hata risiti ina maneno mengi zaidi. Lakini nimeshukuru. Niliwasomea wenzangu ule mstari, gari ni laini kama ulivyosema, nikaurudia. Bonge sasa ananiita Injinia. Msimamizi naye amesikia, ameniuliza kama naweza kumtengenezea na yeye, nikamwambia foleni ni ndefu.

Sasa nisimulie. Nimekaa huku nakata bati tangu asubuhi, sina hadithi nyingine kichwani. Lilipitaje pale darajani? Muuguzi alisemaje? Mama alilala au alikuwa anakuelekeza jinsi ya kuendesha, maana baba alikuwa anasimamisha gari kwa ajili ya mdomo wake? Mionzi inauma? Ameshakwenda mara ya pili?

Na mbona hakuniachia neno? Kila barua ananiachia neno, hata la kunitukana. Umesema anapumzika. Mama hajawahi kupumzika maisha yake yote, ataanza leo? Kama amenuna kwa kuwa sijaja, mwambie aseme mwenyewe.

Kama umechoka na sare za shule, weka sindano chini uniandikie ukurasa mmoja.

Kaka yako,
Injinia

*

25 Aprili

Kaka,

Samahani kwa ufupi ule. Tupo. Mama hajambo, anakusalimu sana na anashukuru kwa springi.

Nina jambo la kukuuliza. Kuna mtu hapa, mteja wa Cheche, gari lake ni aina hiyo hiyo. Aliiona kazi yetu naye akajitengenezea vile vile. Sasa anasema gari likiwa na watu nyuma linagonga. Kwenye njia nzuri linakwenda kama maji, lakini likiingia shimoni linapiga kama nyundo, hata akienda polepole. Cheche alizikaza nati mpaka juu kabisa. Gari likanyanyuka, mkia juu kama nge, lakini shimoni bado ni vile vile.

Huyo mtu anafikiri kosa ni uendeshaji wake. Anauliza kama kuna springi nyingine au kama aache.

Ukipata nafasi nijibu mapema. Ana haraka.

Mdogo wako

*

6 Mei

Mdogo wangu,

Mwambie huyo mtu wako hivi. Nati haiongezi nguvu. Nati inanyanyua tu. Mtu mfupi ukimpandisha kwenye stuli ataonekana mrefu, lakini gunia atakalobeba ni lile lile. Akizikaza hadi mwisho atapata gari refu linalogonga.

Kinachogonga ni springi kuwa laini kuliko mzigo. Gari likipakia, koili zinashuka mpaka zinakaribia kugusana, halafu shimo dogo tu linamalizia. Koili zikigusana hiyo si springi tena, ni kipande cha chuma, na teke la shimo linapanda moja kwa moja hadi kwa mtu aliyekaa juu. Ni heri hata springi mbovu za zamani, zinaruka lakini zina mahali pa kurukia. Kwa hiyo uendeshaji hauna kosa. Hata angekwenda kwa miguu akilisukuma, lingegonga.

Muulize springi zake alizijaribia wapi. Maana wako wajinga wanajaribu springi kwenye gari tupu, halina viti, halina tangi, halina hata milango, wanaona laini wanashangilia, halafu

Niliishia hapo. Leo ni siku nyingine.

Niliiacha kalamu nikatoka kwenda kwenye lile ganda. Bado lipo, hawajalikata. Halina milango. Halina vioo, halina viti, halina tangi, halina tairi ya akiba, halina hata zulia. Nililivua mimi mwenyewe kwa mikono hii, na nilipokuwa naruka juu yake na Bonge sikuliona hilo. Hapa magari yote yako hivyo. Nimekaa na magari ya uchi mpaka nimesahau gari lililovaa lina uzito gani.

Nikamwita Bonge. Springi zile zile sina, lakini kigari kile kilikuwa na ndugu yake, nikachukua za huyo. Tukazifunga. Tukarudisha milango, tukarudisha kiti cha nyuma, tangi tukalijaza maji, mahali pa vioo tukaweka vyuma. Tukapanda wawili, kama muuguzi na mama. Sikuruka. Nilikaa tu. Nikasikia koili zikigusana chini yangu, tak. Bonge akanitazama. Siku ile alisema nizikeni humu. Safari hii alishuka.

Mama hajawahi kunishukuru kwa kitu katika maisha yake. Akipewa zawadi anauliza umeiba wapi. Wewe umeandika anashukuru kwa springi.

Hakuna mteja. Niambie mama yukoje. Usinishonee maneno.

Kaka yako

*

17 Mei

Mwanangu,

Ninayesema ni mama yako, anayeandika ni mdogo wako. Nimemwambia aandike kila neno, hata yasiyompendeza, na Cheche atanisomea kabla bahasha haijafungwa. Kwa hiyo hana pa kupenyea.

Miguu imekwenda. Lilitokea safari ya kwanza, tukiwa tunakwenda, pale baada ya daraja. Nilikuwa nimelala vizuri tu, namsimulia jirani habari za harusi yangu. Gari likaingia shimoni, likagonga, na mimi nikasikia mlio ndani yangu. Halafu miguu ikawa ya moto, kama nimeiweka kwenye maji ya kuogea. Halafu haikuwa kitu. Kiatu kilinivuka sikujua. Jirani ndiye aliyekiokota akataka kunivisha, akaniangalia usoni, akakiweka kwenye mfuko wake.

Mdogo wako alilisimamisha gari akatoka akalipiga mateke. Nikamwambia utavunja na mguu wako. Hospitali aliwaambia madaktari alikuwa anakwenda mbio. Uwongo. Kuna kuku alitupita.

Tangu siku ile anajiita muuaji. Hali chakula. Ameshona shati la mtu mikono yote miwili ya upande mmoja. Amekuandikia uwongo, nami nikamwacha, kwa sababu nilifikiri wewe ukijua utaacha kula kabisa, na wewe ni mwembamba tayari. Hapo na mimi nimo.

Barua yako ilipofika aliisomea ndani ya gari, milango imefungwa. Akaja akanipa, Cheche akanisomea. Sasa naona mmepata ugomvi mpya. Nimezaa watoto wawili wanaogombania kosa kama wenzao wanavyogombania shamba. Ligawaneni, mniache nipumzike.

Sasa la muhimu. Mionzi nilipigwa mara ile moja tu. Daktari anasema nikiiacha, maumivu yatapanda, na dawa za kunywa zina mwisho. Nimemwelewa. Mdogo wako anataka utafute springi nyingine ili turudi barabarani. Wanangu, mimi gari lile sipandi tena. Sina hasira na gari, wala na nyinyi. Naogopa. Nikifunga macho nausikia ule mlio. Mtu mzima naye anaruhusiwa kuogopa, na nimezeeka kiasi cha kutosha kulisema hilo bila aibu.

Sijui nimebakiwa na muda gani, na sitaki kuutumia kusubiri mzigo wa lori. Usitume tena vyuma. Vyuma ninavyo.

Mama yako

Kaka, hapa chini ni mimi. Cheche ameshamsomea, ameshalala.

Nilikuuliza. Ile barua ya Februari, nilikuuliza kama zitabeba, na wewe ukanitania habari za kifungo. Miezi hii nimeamka kila siku nikijua ni mikono yangu kwenye usukani. Niliposoma kwamba ni springi, nilifurahi. Mungu anisamehe, nilikaa ndani ya gari nikafurahi kwamba ni wewe. Halafu nikaona aibu, nikaenda kumpa mama barua. Hilo hajui.

Utakavyo lichukulie. Sasa hivi sina nafasi ya ugomvi. Lazima ageuzwe mchana na usiku, la sivyo ngozi inachubuka, na tayari kisigino kimoja kimeanza. Kumgeuza kunataka watu wawili, mmoja mabegani na mmoja nyongani, waende pamoja, mgongo usipinde. Jirani anakuja asubuhi. Cheche anakuja akifunga kazi. Katikati ya hapo niko peke yangu, na peke yangu siwezi bila kumuumiza. Halii. Ananiuliza kama nimechoka.

Mdogo wako

*

24 Mei

Mama,

Nimekusikia. Sitatuma kitu.

Springi zinazofaa nilikuwa nimeshazipata. Tulilipakia lile gari kama lori la kuhama na hazikugusana. Nimempa Bonge azitunze. Ukibadili mawazo kwa sababu ya maumivu, zitaletwa, na kabla yako nitalala mimi kwenye godoro lako, jirani anishike, twende hadi hospitali kuu na kurudi, nikijua kila shimo. Usipobadili, hazitaletwa, na hakuna atakayekusumbua. Hiyo ni juu yako.

Sitakuomba msamaha kwa barua. Barua ni rahisi.

Mdogo wangu,

Uliniuliza nikatania. Nimeitafuta ile barua yangu kichwani, kila neno, na hakuna mahali nilipolichukulia swali lako kama swali. Uliuliza jambo la kweli kuliko yote niliyoyachora, nami nikalipuuza kwa kuwa limetoka kwa mtu wa sindano. Watu wa hapa wanasema ni ajali, Bonge anasema ni bahati mbaya. Mimi nalijua ni nini, na wewe unalijua.

Ulifurahi kwamba ni mimi. Endelea kufurahi. Mikono yako haikufanya kitu, na nataka uikumbuke hivyo, maana mama ataihitaji. Usimwombe Mungu akusamehe kwa hilo, utamchosha bure.

Nimemwambia msimamizi naondoka. Akasema ukitoka getini kitanda chako kina mtu kesho. Nikamwambia ampe na shuka. Wenzangu walidhani natania, mpaka nilipoanza kugawa spana. Nimeuza buti, nimebakiza viatu vya kusafiria. Nguo zangu zote zimeenea kwenye mfuko mmoja, utazicheka.

Sijui nitafanya kazi gani hapo. Sitaki uniulize. Labda Cheche anahitaji mtu wa kushika vyuma. Labda hahitaji.

Barua hii inakuja na dereva wa lori, mimi nakuja na basi la Jumamosi, linaingia mchana. Usije kunipokea stendi. Saa hizo jirani anakuwa ameshaondoka na Cheche hajafika, na mama hawezi kuachwa ili mimi nibebewe mfuko.

Nikifika nitanawa mikono, halafu utanionyesha unavyomgeuza. Niambie nikae mabegani au nyongani, mkono upi utangulie, nianze kunyanyua ukisema nini. Nitafanya hivyo hivyo. Na kama nikishika vibaya, nikemee hapo hapo, mbele yake, usinisitiri.

Kaka yako